Uliza Mhariri: Wapendanao wa Yellowstone

Barua 4 kati ya zilizonifikia mwezi huu zinauliza, kila moja kwa njia yake, juu ya riwaya ya mapenzi ya Kikristo inayotendeka zamani za magari ya farasi katika Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone, kule Marekani. Riwaya za namna hii, ambazo mapenzi na safari ya imani huenda sambamba na wahusika hawaingii chumbani kabla ya ndoa, zimekuwa na soko kubwa Marekani tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na nakala zake zilizochakaa nimeziona mara nyingi zikipitishwa mkono kwa mkono baina ya akina dada wa kwaya. Jipya ni kwamba sasa wapo wanaotaka kuziandika kwa Kiswahili. Ninaanza na barua iliyonikalisha mezani muda mrefu kuliko zote.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninaandika riwaya yangu ya kwanza, na nimekuambatishia sura 3 za mwanzo. Mhusika wangu mkuu ni mwalimu wa kike anayefika Yellowstone mwaka 1904 kufanya kazi za kiangazi, na huko anakutana na askari wa kikosi cha farasi. Nimeishiwa pumzi katika sura ya 3, kwa sababu wameshapendana, wote wawili wameokoka, na kwa kuwa hii ni riwaya ya Kikristo hawawezi kufanya lolote zaidi ya kushikana mikono. Sura nyingine 20 nizijaze nini?
Binti wa Mbeya

JIBU: Marahaba, binti yangu. Sura zako nimezisoma zote, na nakuhakikishia kwamba usafi wa mapenzi yao hauna kosa lolote. Kosa ni kuifanya hifadhi kuwa picha ya ukutani: kuna milima, kuna mvuke, kuna machweo, na wapendanao wamekaa mbele yake kama maharusi wanaomngoja mpiga picha. Ukiwahamishia kando ya ziwa lolote duniani, hakuna sentensi hata moja utakayolazimika kuibadilisha. Riwaya ambayo wapenzi wake hawaruhusiwi kukaribiana mno inahitaji kitu cha kuwatenganisha na kuwakutanisha tena, na Yellowstone ya mwaka 1904 ilikuwa na ratiba, kanuni, hatari na majira ya kutosha kuifanya kazi hiyo, mradi mwandishi ayajue.

Anza na muda. Mtalii wa wakati ule alishuka garimoshi Gardiner, Montana, akapita chini ya tao la mawe ambalo Rais Theodore Roosevelt aliliwekea jiwe la msingi tarehe 24 Aprili 1903, akazungushwa kwa gari la farasi katika njia ya zaidi ya kilomita 200, na baada ya siku 5 au 6 alikuwa amerudi kituoni akiwa na vumbi hadi kwenye kope, ingawa alikuwa amevaa joho la kitani juu ya nguo zake. Kama mwalimu wako angekuwa mtalii, ungekuwa na siku hizo chache tu. Umefanya vizuri kumfanya mfanyakazi, kwa kuwa anapata msimu mzima, yaani kuanzia katikati ya Juni hadi katikati ya Septemba. Lakini msimu una mwisho usiojadiliwa, na msomaji anapaswa kuuhisi ukisogea. Theluji inapoanza, kambi hufungwa, mwalimu hurudi darasani, na askari hubaki.

Sasa kazi yenyewe. Umeandika kwamba binti "alifanya kazi hotelini" ukaishia hapo, na umepoteza hazina. Hotelini alikuwa na uwezo wa kufanya kazi, lakini kwa mwalimu palikuwa na mahali palipomfaa zaidi. William Wylie, aliyewahi kusimamia shule za Bozeman, Montana, aliendesha kambi za mahema za bei nafuu kuliko hoteli, na aliajiri walimu na wanafunzi wa vyuo kuwahudumia wageni. Mwaka 1904 kambi hizo bado zilikuwa zake. Mweke binti yako pale, apange vitanda asubuhi, apakue chakula mchana, na jioni awakusanye wageni kuzunguka moto wa magogo na kuwaongoza katika nyimbo. Mpe na lugha ya wenzake. Wafanyakazi wa Yellowstone wa miongo ya mwanzo ya karne ya 20 walikuwa na misemo yao: wao wenyewe walijiita "washenzi" kwa utani, wasichana wanaotandika vitanda waliitwa "wapiga mito," waosha vyombo "wazamia lulu," na kijana na msichana walioonekana wakichumbiana msituni walisemwa kuwa wamekwenda kukalia "magogo yaliyooza." Hebu fikiria mwalimu wako, mcha Mungu, binti wa mzee wa kanisa, anasikia kwa mara ya kwanza jikoni kwamba jina lake limeshatajwa pamoja na magogo hayo. Hapo una sura nzima, na hakuna aliyemgusa mtu.

Halafu askari. Jeshi ndilo lililoilinda Yellowstone kuanzia mwaka 1886 hadi 1918, kwa sababu wasimamizi wa kiraia waliotangulia hawakuwa na fedha wala nguvu za kuwazuia majangili na waharibifu. Umemchora kijana wako kama mtu huru anayeweza kumtembelea mpenzi wake kila jioni, jambo ambalo lisingewezekana. Askari waligawanywa katika vituo vidogo vidogo vilivyotapakaa hifadhini, watu wachache kila kituo, na aliyepangiwa kituo cha mbali alimwona binti wa kambini pale tu doria yake ilipomruhusu. Zaidi ya hayo, askari wa cheo cha chini alilipwa dola 13 kwa mwezi, na jeshi halikupenda askari wa cheo hicho waoe. Kwa hiyo kijana anapotamani kumposa, ana mambo 2 ya kuyakabili kabla hata hajafika kwa baba mkwe: mkubwa wake wa kikosi na mfuko wake. Katika sura zako hata senti moja haijatajwa, na mapenzi yasiyo na hesabu ya fedha msomaji wetu huyatilia shaka mapema sana.

Wamekutana vipi? Umewakutanisha kwa binti kujikwaa na kudakwa mkononi. Nakuomba uifute sehemu hiyo leo. Miongoni mwa kazi za askari hao ilikuwa kuwakamata wageni walioandika majina yao kwenye miamba laini iliyojengwa na maji ya chemchemi, na adhabu iliyojulikana sana ni kumrudisha mkosaji mahali pale pale akasugue jina lake hadi lifutike, hata kama alikuwa ameshasafiri mbali. Mwache mwalimu wako aandike jina, tena si lake bali la mdogo wake aliyefariki, kisha askari asiyejua habari hiyo amlazimishe kulifuta. Mmoja anatii kanuni na yuko sahihi. Mwingine ana uchungu na yuko sahihi pia. Sheria na rehema zimeshakaa uso kwa uso, na hujahitaji mahubiri.

Mgogoro mkubwa wa katikati ya kitabu nao uuchukue humo humo. Machi 1894 jangili aitwaye Edgar Howell alikamatwa akiwachuna baisani, yaani wale nyati wenye manyoya wa Marekani, na ikaonekana kwamba adhabu kubwa ambayo askari waliweza kumpa ni kumfukuza hifadhini. Kelele zilizofuata magazetini zililifanya Bunge la Marekani kupitisha sheria yenye meno mwezi Mei mwaka huo huo. Hata hivyo, ilipofika mwaka 1902 kundi la mwituni lilikuwa limebaki na wanyama kama dazeni 2 tu. Kwa hiyo mwaka 1904, baisani mmoja aliyeuawa si jambo dogo, na kama anayemwinda ni kaka wa binti, aliyefilisika na mwenye watoto wa kulisha, askari wako ana jambo la kuombea usiku kucha. Na binti akijua alipo kaka yake, je, atasema?

Mwaka uliouchagua ni wa bahati, ingawa nadhani hukujua. Juni 1904 ndipo ilipofunguliwa hoteli ya magogo ya Old Faithful Inn, iliyobuniwa na Robert Reamer alipokuwa na miaka 29 tu na kujengwa katika majira ya baridi kali. Ukumbi wake una kimo cha mita 23 hivi, meko yake ni mnara wa mawe, na juu kabisa kulitengenezwa kiota cha wanamuziki ili wageni wacheze dansi chini. Binti yako wa kwenye mahema anaweza kusimama nje gizani akiusikia muziki asioruhusiwa na malezi yake kuucheza, na bei ya chumba asiyoweza kuilipa, huku askari akiwa ndani kwa sababu za kazi. Sitakuandikia zaidi.

Jambo dogo la jikoni: hifadhi ipo juu sana, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na kwenye mabonde ya chemchemi maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100. Maharage ya kambini yatachelewa kuiva, na mpishi mgeni atalaumiwa bure. Wewe wa Mbeya huna haja ya kufafanuliwa jambo hili.

Na tafadhali usimtumbukize mtu kwenye chemchemi ili mpenzi wake amwokoe. Maji yale huua. Aliyetumbukia humo hatoki akiwa na mashavu mekundu ya kupendeza.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mhariri. Ninasimamia maktaba ndogo ya kanisa letu, na wazee, wanaodhani kwamba mapenzi yenyewe huitia hadithi doa, wameniuliza kama riwaya hizi zinafaa kukaa humo. Nyingi nilizosoma zina kijana asiyeamini, ambaye ukurasa wa mwisho anapiga magoti, anaokoka, na ukurasa unaofuata anafunga ndoa katika kanisa dogo la mawe hifadhini. Je, huku si kumkejeli Mtume Paulo? Na mwandishi wa Kikristo anawezaje kuleta Neno bila kugeuza hadithi kuwa mahubiri?
Mchungaji, Nakuru

JIBU: Amina, Mchungaji. Nakubaliana nawe katika jambo moja na kutofautiana na wazee wako katika jingine.

Tunakubaliana kwamba wongofu wa ukurasa wa mwisho ni udhaifu mkubwa wa aina hii ya riwaya. Waandishi wake wanalijua onyo la 2 Wakorintho 6:14, "Msifungiwe nira pamoja na wasioamini, kwa jinsi isivyo sawasawa," na wanalitumia kama kizuizi cha mapenzi, jambo ambalo ni halali. Lakini kizuizi hicho kikiondolewa kwa sala moja inayomletea kijana mke, msomaji mwenye akili anajiuliza kama kijana huyo alimpata Kristo au alimpata Bi harusi. Ushauri wangu kwa waandishi huwa ni huu: wongofu uwekwe katikati ya kitabu, mahali ambapo haumletei mtu faida yoyote, na ikiwezekana umtie hasarani. Kijana aokoke kisha ampoteze binti, kwa sababu dhamiri yake mpya inamlazimu kukiri kosa ambalo hapo awali angelificha. Tukimwona anaendelea kusali akiwa mpweke katika kituo cha doria, theluji imefika dirishani, mtu wa pili kituoni ni mlevi, na barua za binti zimekoma, tutakuwa tumeamini kabla ya kuambiwa.

Hapo ndipo Yellowstone inapomfaa mwandishi wa Kikristo kuliko mji wenye makanisa kila kona. Ngome ya jeshi ya Yellowstone haikuwa na jengo la kanisa kwa miaka mingi. Kanisa dogo la mawe unalolikuta kwenye riwaya hizo lipo kweli, pale Mammoth Hot Springs, na hadi leo watu hufungia ndoa humo. Lakini lilikamilika mwaka 1913, likiwa jengo kubwa la mwisho kujengwa na jeshi kabla ya kukabidhi hifadhi kwa watumishi wa idara mpya ya hifadhi za taifa iliyoundwa mwaka 1916. Mwandishi anayewafungisha ndoa humo mwaka 1890 au 1904 amekosea, nami nimewahi kurudisha mswada kwa kosa hilo hilo. Lakini hilo si suala la tarehe peke yake. Mhusika wa miaka ya kabla ya 1913 alilazimika kuwa na imani isiyoegemea jengo, kengele wala mchungaji wa karibu: Biblia iliyokunjamana mfukoni, wimbo wa zamani kando ya moto, na mazoea ya nyumbani ambayo hakuna anayemsimamia ayatunze. Wengi huyaacha mazoea hayo ndani ya mwezi mmoja. Mwandishi akituonyesha nani aliyeyaacha, nani aliyeyashika, na nani aliyeyashika kwa sababu tu ya kutazamwa na wenzake, amehubiri vya kutosha.

Ninapotofautiana na wazee wako ni pale wanapodhani kwamba mapenzi yenyewe ndiyo yanayoitia hadithi doa. Kitabu cha Ruthu kina sura 4 tu, kina njaa, ujane, uhamiaji, kazi za shamba, na usiku mmoja kwenye uwanja wa kupuria, ambapo mwandishi ametueleza kila tulichohitaji kujua na hakutupa hata neno moja la ziada. Wimbo Ulio Bora nao, pamoja na moto wake wote, unaonya mara kwa mara, "msiyachochee mapenzi, wala kuyaamsha, hata yatakapoona vema yenyewe." Huo ni mwongozo wa mwenendo, na kwa macho ya mhariri ni mwongozo wa usanii pia. Ninavyoona mimi, busu moja katika sura ya 22, baada ya sura 21 za kungoja, lina nguvu kuliko lolote linaloandikwa na wale wasiojizuia. Waambie wazee wavipime vitabu kimoja kimoja, maana vipo vilivyo safi kabisa na havina uhai, na hivyo ndivyo ambavyo mimi nisingeviweka maktabani.

SWALI: Neno sahihi la Kiswahili la ile chemchemi inayorusha maji juu ni lipi? Nimechoka kuandika "chemchemi ya maji moto."
Mfasiri, Zanzibar

JIBU: Una haki ya kuchoka, kwa sababu chemchemi nyingi za maji moto hazirushi chochote, zimetulia tu, zikiwa na rangi za kupendeza. Mimi hutumia "chemchemi irukayo" pale inapotajwa kwa mara ya kwanza, na baada ya hapo jina lake mahususi, likiachwa kama lilivyo. Old Faithful ilipewa jina hilo mwaka 1870 na msafara wa Henry Washburn, kwa kuwa iliruka kwa uaminifu usiochosha. Ila chunga saa zako: siku hizi mgeni hungoja kwa wastani kama dakika 90 baina ya mruko na mruko, lakini mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa saa moja na dakika chache tu. Mpenzi anayeahidi kuja "kabla haijaruka tena" katika kitabu chako alikuwa na muda mfupi kuliko tunavyodhani leo.

SWALI: Mimi ni Mkongo ninayeishi Boise, Idaho. Kiangazi kilichopita tulikwenda Yellowstone na familia, nikasoma habari za watu wa Nez Perce, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, waliopita humo wakifukuzwa na jeshi mwaka 1877. Mke wangu hupenda sana riwaya hizi za Kikristo, lakini katika zile alizonisomea wenyeji hao ni wakatili wanaoteka watalii, basi. Inawezekana kuandika hadithi ya mapenzi ya mwaka ule bila kuwadharau? Na je, watu weusi kama sisi walikuwepo, au nikiwatia nitakuwa nimebuni tu?
Baba wa watoto 4, Boise

JIBU: Ndugu yangu, mkeo anazo riwaya hizo kwa sababu tukio lenyewe limekaa kama riwaya. Emma Cowan na mumewe George, kutoka Radersburg, Montana, walikuwa Yellowstone na kundi la jamaa na marafiki walipozingirwa na wapiganaji wa Nez Perce. Tarehe ilikuwa 24 Agosti 1877, siku waliyotimiza miaka 2 ya ndoa yao. George alipigwa risasi, Emma akajaribu kumkinga kwa mwili wake, naye akapigwa tena kichwani mbele ya macho ya mkewe. Emma alichukuliwa pamoja na kaka yake na mdogo wake wa kike wa miaka 13, akiamini kwamba ni mjane, kisha wote 3 wakaachiwa huru na kupewa farasi. George hakuwa amekufa. Alizinduka, akapigwa risasi nyingine, akatambaa kwa siku kadhaa hadi alipokutwa na watu wa Jenerali Howard, aliyeongoza jeshi lililokuwa likiwafukuza Nez Perce, na madaktari wa jeshi wakaitoa risasi iliyobanjika kwenye fuvu lake. Aliihifadhi na kuitengeneza pambo la mnyororo wa saa. Mwaka 1901 mume na mke hao walirudi Yellowstone pamoja, kutazama mahali palipotokea mambo hayo.

Hakuna mwandishi wa mapenzi atakayeiacha hadithi kama hiyo, wala simlaumu. Ninachomdai ni kwamba asianze kuhesabu siku kuanzia tarehe 24. Wiki 2 kabla yake, alfajiri ya tarehe 9 Agosti, jeshi lilikuwa limeishambulia kambi ya Nez Perce iliyolala kando ya mto Big Hole, na wengi wa waliouawa walikuwa wanawake na watoto. Watu hao walikuwa wakikimbia na wazee wao, wagonjwa wao na farasi wao kwa sababu waliamriwa kuhama nchi yao ya asili, na walisafiri karibu kilomita 1,900 kabla ya kusalimu amri tarehe 5 Oktoba, wakiwa wamebakiza mwendo wa kilomita zipatazo 64 kuufikia mpaka wa Kanada. Mwandishi akiyaweka hayo katika sura ya 1, kwa macho ya mwanamke wa Nez Perce aliyemzika mtoto wake, basi atakapofika kwa Emma msomaji atakuwa na machozi ya kutosha kwa wote wawili.

Na kwa mwandishi wa Kikristo pana jambo zito zaidi, ambalo kwa kadiri ya riwaya nilizosoma halijatumiwa. Wengi wa Nez Perce walikuwa wamepokea Ukristo tangu Henry Spalding alipofungua misheni kwao mwaka 1836. Baba yake Chifu Joseph, kiongozi anayejulikana zaidi wa safari ile, alikuwa miongoni mwa waongofu wa kwanza na alibatizwa. Kisha, baada ya mkataba wa mwaka 1863 kuikata nchi yao vipande bila ridhaa yake, aliichana Biblia aliyopewa. Fikiria mjukuu wa kubuni wa kizazi hicho: binti anayezijua nyimbo za misheni, aliyekuwa na mchumba Mkristo aliyebaki Lapwai, katika eneo walilotengewa Nez Perce, pamoja na wale waliokubali mkataba, naye amefuatana na wanaokimbia kwa sababu mama yake hawezi kutembea peke yake. Swali lake juu ya Mungu halifanani na la mtalii aliyetekwa. Nira isiyo sawasawa hapo ni ipi, na nani asiyeamini?

Wewe uliyetoka Kongo unajua kwamba hifadhi haianzi kwa ramani tupu. Hifadhi ya Albert, ambayo leo ni Virunga, ilipotangazwa mwaka 1925 palikuwa na watu, kama vile Serengeti palivyokuwa na Wamaasai waliohamishiwa Ngorongoro mwaka 1959. Yellowstone, iliyotangazwa mwaka 1872, ilikuwa na Washoshone wa milimani walioishi kwa kuwinda kondoo mwitu, na wengine wengi waliopita humo kila mwaka, hata leo makabila zaidi ya 20 yanatambuliwa kuwa na uhusiano na ardhi hiyo. Waliondolewa, kisha wageni wakaambiwa kwamba wenyeji hao waliziogopa chemchemi na hawakuwahi kuzikaribia. Si kweli, na mwandishi anayeurudia uongo huo mwaka huu hana udhuru ambao babu zake wangeweza kudai.

Kuhusu watu weusi, hutakuwa umebuni. Agosti 1896 askari 8 weusi wa Kikosi cha 25 cha Askari wa Miguu, wakiongozwa na Luteni James Moss, Mzungu, waliendesha baiskeli kutoka ngome ya Fort Missoula, Montana, hadi Yellowstone na kurudi, kwa sababu jeshi lilitaka kujua kama baiskeli inaweza kuchukua nafasi ya farasi. Ipo picha yao wakiwa wamesimama na baiskeli zao juu ya ngazi nyeupe za mawe za Mammoth. Barabara zilikuwa za tope na changarawe, na mizigo waliifunga kwenye vyuma vya baiskeli zenyewe. Walikaa siku chache tu, hivyo usimpe askari wako kiangazi kizima cha uchumba. Mpe pancha mbele ya jiko la hoteli, mpe mpishi mweusi aliyesoma Zaburi zilezile alizosoma yeye kwao, kisha mwondoe asubuhi ya tatu akiwa na anwani ya mpishi huyo kwenye karatasi. Kutoka Missoula barua zilifika kwa garimoshi, na mwaka uliofuata kikosi hicho kilitumwa kwa baiskeli hadi St. Louis, mwendo wa kilomita zaidi ya 3,000. Hapo mkeo atakuwa na kitabu cha kukusomea usiku, na wewe utakuwa na kazi ya kukiandika.